Mita za Mraba 25 kwa Kila Noah

Eneo la Mji Mkongwe wa Unguja ambalo UNESCO iliingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 lina hekta 96. Halifiki hata kilomita moja ya mraba. Bahari imelizunguka pande mbili, na upande wa tatu imepita barabara ya Creek, ambayo sasa inaitwa Benjamin Mkapa, pale palipokuwa na mkono wa bahari kabla haujafukiwa. Humo ndani wanaishi watu na watoto wanasoma skuli. Kuna misikiti, maduka, hoteli, na soko la Darajani lililojengwa mwaka 1904, wakati mtu mwenye haraka alipanda punda. Gari halikuwemo kwenye hesabu ya wajenzi.

Sasa limo. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni 736,755 kutoka nje, na mwaka 2023 walikuwa 638,498. Ongezeko ni kama asilimia 15 kwa mwaka mmoja. Gawa idadi ya 2024 kwa siku 366 za mwaka huo, utapata wageni 2,000 na ushei kila siku. Tuseme kila mmoja wao anatembelea Mji Mkongwe mara moja tu kabla ya kurudi kwao, na wanakuja watano watano kwenye Noah ya kukodi. Hayo ni magari 400 kwa siku. Hapo hatujamhesabu mwenye duka anayetoka Mwanakwerekwe, wala mama anayekuja Darajani kununua samaki, wala familia inayokwenda Forodhani jioni.

Magari mengi ya Zanzibar yametumika Japani kwanza, na kule gari la daraja dogo haliruhusiwi kuzidi upana wa mita 1.7 na urefu wa mita 4.7. Noah nyingi za zamani zinaingia humo kwa shida. Alphard, ambayo madereva wa watalii wameipenda sana miaka hii, inapita mita 1.8 kwa upana. Basi dogo la Coaster lina urefu wa mita 7. Ukilipatia gari la kawaida nafasi ya mita 2.5 kwa 5, hiyo ni mita za mraba 12.5, lakini gari haliruki kuingia humo, linahitaji njia ya kupita na kugeuza. Kwa hiyo wapangaji wa miji huhesabu kiasi cha mita za mraba 25 au zaidi kwa kila gari lililoegeshwa. Magari yetu 400 yakija kwa pamoja yanataka mita za mraba 10,000, yaani hekta nzima, na kila moja ya mita hizo ndani ya Mji Mkongwe imeshakaliwa na kitu kingine.

Kaa kwenye baraza yoyote Shangani saa nne asubuhi uangalie. Alphard nyeupe inasogea taratibu, vioo vya pembeni vimekunjwa, dereva kashusha dirisha anatazama tairi la nyuma lisipande kizingiti cha mlango wa watu. Upande wa pili bampa inakaribia ukuta wa mawe na chokaa, na ukutani pale pana michirizi kadhaa ya rangi za magari yaliyotangulia. Wageni wanashuka. Dereva anapata upenyo mbele ya duka la vinyago, anazima injini, analaza kiti, analala. Wageni watarudi baada ya saa tatu. Hana kosa, maana kazi yake ni kuwasubiri. Lakini ile nafasi imefungwa mpaka adhuhuri, na nyuma yake Noah nyingine inapita kwa mara ya pili ikitafuta.

Kwangu mimi shida kubwa iko hapa. Wengi wetu tunasema nafasi hazitoshi, tukifikiria nafasi kama idadi. Nafasi ya kuegesha inahesabiwa kwa saa. Chukua siku ya saa tisa, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Gari moja likikaa kutwa, nafasi hiyo imehudumia gari moja. Kila gari likikaa saa tatu, nafasi ile ile inahudumia magari matatu. Kwa hiyo magari 400 yanayokaa kutwa yanataka nafasi 400, lakini yakikaa saa tatu tatu kwa zamu yanatosheka na nafasi kama 135. Hizo 135 ni mita za mraba 3,375, pungufu ya nusu ya uwanja wa mpira. Ardhi haikuongezeka hata shubiri moja, kilichobadilika ni muda.

Gharama ya kutafuta nayo ina ujanja wake, kwa sababu hakuna anayeiona. Donald Shoup, profesa wa mipango miji wa Los Angeles aliyefanya maegesho kuwa kazi ya maisha yake hadi alipofariki mwaka 2025, alikusanya tafiti 16 zilizofanywa kati ya 1927 na 2001 kwenye vitovu vya miji yenye msongamano. Kwa wastani dereva alitumia dakika 8.1 kutafuta nafasi. Mwenyewe alionya kwamba tafiti zile zilifanywa palipokuwa na shida, kwa hiyo si wastani wa dunia nzima. Mji Mkongwe nao ni mahali penye shida, basi tuichukue namba hiyo kwa majaribio.

Magari 400 mara dakika 8 ni dakika 3,200, yaani zaidi ya saa 53 za injini kila siku. Kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, hizo ni kilomita zipatazo 530, zaidi ya mara sita ya urefu wa kisiwa cha Unguja. Gari likinywa lita 12 kwa kilomita 100, zinaungua lita 64. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 192,000 kwa siku, shilingi milioni 70 kwa mwaka. Sasa zigawe hizo 192,000 kwa magari 400, kila dereva anapoteza shilingi 480. Nani atapiga kelele kwa shilingi 480? Hasara inamfikia mwenye nyumba ya chini, anayevuta moshi wa magari yote 400 na hakupanda hata moja.

Jibu linalosemwa haraka ni kujenga jengo la maegesho la ghorofa. Marekani nafasi moja katika jengo la namna hiyo inagharimu zaidi ya dola 25,000, bila ardhi. Tukate nusu, tuseme hapa itakuwa dola 12,500. Nafasi ikitozwa shilingi 1,000 kwa saa, ikalipiwa saa sita kwa siku na siku 300 kwa mwaka, inaingiza shilingi milioni 1.8. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,600, hizo ni dola 690 na ushei. Itachukua miaka 18 kurudisha mtaji, kabla ya riba, mishahara, umeme na ukarabati. Na jengo lenyewe likisimama karibu, litavuta magari zaidi yapite kwenye barabara zile zile nyembamba.

San Francisco walijaribu njia nyingine kuanzia 2011, kwenye nafasi za barabarani zipatazo 7,000. Ada ilipandishwa kidogo kwenye mitaa iliyojaa na kushushwa kwenye mitaa mitupu, ili kila mtaa ubaki umejaa kwa asilimia 60 hadi 80. Tathmini ya jiji ilipotoka mwaka 2014, muda wa kutafuta nafasi ulikuwa umepungua kwa asilimia 43 katika maeneo ya majaribio. Ambacho wengi hawakukitarajia ni kwamba ada ya wastani barabarani ilishuka, kwa asilimia 4. Baadhi ya madereva walisogea mbali kidogo, nafasi zikafunguka.

Kusogea mbali Unguja si safari. Mtu mzima mwenye afya anatembea mita 80 kwa dakika. Kutoka barabara ya Creek hadi Forodhani kwa kukata vichochoroni hakufiki kilomita moja, dakika kumi au kumi na mbili, karibu sawa na zile dakika 8 za kuzunguka na gari. Mgeni akishushwa Darajani au Mnazi Mmoja anaingia mjini kwa miguu, na mji huu haujawahi kuonekana vizuri kutoka kiti cha nyuma cha Alphard. Nafasi chache za ndani wabakiziwe wakaazi, mzee asiyeweza kutembea, mgonjwa na mwenye mizigo mizito ya kushusha kwa dakika kumi aondoke. Coaster isiingie kabisa.

Ada itachukiwa, na ina haki ya kuchukiwa kama pesa zitapotelea kusikojulikana. Mtaa mkongwe wa Old Pasadena, California, ulikuwa umechakaa na wenye maduka wakipinga mita za maegesho, mpaka jiji lilipokubali kwamba fedha zake zitabaki kwenye mtaa huo. Mita ziliwekwa mwaka 1993, na kwa kutegemea mapato hayo jiji likakopa dola milioni 5 kutengeneza njia za miguu na vichochoro. Kwetu, nafasi 135 pembezoni mwa Mji Mkongwe, kwa ada na saa zile zile za mfano wetu, zingeingiza shilingi milioni 243 kwa mwaka. Fedha hizo zinunue chokaa, zizibue mifereji ya Malindi na Mkunazini, ziwashe taa za vichochoroni, na hesabu yake ibandikwe kila mwezi mahali ambapo mkaazi anaweza kuisoma.