Michezo iliyopakuliwa kwenye Wii haihamii Wii nyingine
Wananchi wa Kyela, Ipinda na Matema wanaonunua mashine za michezo ya video zilizotumika, hasa Wii ya Nintendo, wafahamu kuwa michezo ya zamani iliyopakuliwa humo imefungwa kwenye mashine hiyo moja. Nakala iliyowekwa kwenye memori kadi haifunguki kwenye Wii nyingine, na duka la mtandaoni la Wii lilisitisha mauzo Januari 30, 2019. Mashine ikiungua, michezo nayo imekwenda.

Kinachoiunguza mara nyingi ni umeme, ingawa unyevu wa ziwani nao hausaidii. Adapta ya Wii iliyouzwa Marekani ni ya volti 120. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Kabla ya kulipa, mnunuzi asome maandishi ya adapta, kisha aombe kila mchezo ufunguliwe mbele yake.