Jirani akikutwa na saratani ya titi: namna ya kuchanga pesa vizuri

Mama wa kijiji chenu hapa Nakivale akiambiwa ana saratani ya titi, msikawie. Ikitibiwa mapema, wengi hupona. Ikicheleweshwa, huenea mwilini.

Kwanza, muulizeni kama anakubali habari zake zitajwe. Asipotaka, changeni bila kutaja jina.

Pili, achukue barua ya rufaa kwenye kituo cha afya. Mkijua kama anatumwa Mbarara au Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, ndipo mpige hesabu: nauli yake na ya mtu wa kumuuguza, chakula, malazi na vipimo.

Tatu, dawa za saratani hurudiwa baada ya wiki kadhaa, tena na tena. Afadhali mchango mdogo wa kila mwezi, kama likelemba, kuliko mkubwa wa siku moja.

Nne, tumieni sanduku la kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake. Someni hesabu mbele ya wote.

Na wewe mama, ukigusa uvimbe kwenye titi au kwapani, au chuchu ikitoa damu, nenda ukapimwe. Uvimbe mwingi si saratani, ila bila kipimo huwezi kujua.