Si Kila Homa ni Malaria



Ndugu msomaji, mara nyingi mzazi huleta mtoto mwenye homa kituoni, akapimwa damu na jibu likawa hana malaria. Mzazi hukasirika: "Kipimo hicho kibovu, nipe tu dawa mseto." Akikataliwa, hupitia duka la dawa akainunua. Mtoto anameza dawa ya malaria huku nimonia ikiendelea kifuani.

Homa ni dalili tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliohusu watoto wapatao 1,000 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, ulionyesha kuwa takriban mmoja tu katika kila kumi alikuwa na malaria. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi yakitokana na virusi.

Basi tabibu hufanya nini? Kwa mtoto anayekohoa, huhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mwenye miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi, au mwenye mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, huenda ana nimonia, na hupewa amoksisilini. Huangalia pia masikio, koo, shingo na ngozi, na hupima mkojo ikihitajika. Asipoona dalili ya bakteria wala ya hatari, atakupa parasetamoli kwa uzito wa mtoto, na kukuagiza umnyonyeshe au kumnywesha mara kwa mara, na umrudishe baada ya siku mbili homa isipoisha. Hajakunyima dawa, antibiotiki haziui virusi.

Lakini usingoje hata saa moja ikiwa mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea hazinduki, shingo imekakamaa, amepata degedege, au ana homa na hajafikisha miezi 2. Degedege si la kupelekwa kwa mganga. Ni la hospitali.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutafuta tiba. Kwa hiyo kisomo na dua visikucheleweshe. Msomee mtoto huku mkiwa njiani. Mtoto ni amana. Jibu likiwa si malaria, muulize tabibu: "Je, ni nini basi, na nirudi lini?"

Wabillahi tawfiiq.