Ahadi Iandikwe Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Ndugu zetu wa Busia na Malaba, malori yapakiayo katika Bandari ya Mombasa hupita kwenu yakielekea Uganda, na riziki za nyumba nyingi, zetu na zenu, zimefungamana na mpaka huo. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilifunguliwa rasmi Februari 2018. Reli ya kisasa nayo imekusudiwa kufika Malaba. Kila ujenzi huja na ahadi: ajira kwa vijana, maji, vibanda vya akina mama.

Ahadi ni deni, na deni huandikwa mbele ya mashahidi; ndivyo tulivyoamrishwa katika Surat al-Baqara, aya ya 282. Sheria ya Madini ya 2016 imeitengea jamii asilimia 10 ya mrabaha, na kumlazimu mwenye leseni kubwa kufunga mkataba na wenyeji. Mjenzi wa soko au maghala hayumo katika sheria hiyo. Basi mkataba wake hauna budi kudaiwa na wenyeji wenyewe.

Tunawasihi: hudhurini mikutano, wake kwa waume, mseme kwa kauli moja. Mkataba utaje idadi, muda na fidia, utiwe sahihi kabla ya jembe la kwanza.