Furaha ya Kudumu Yapatikana Wapi?

Mwulize mwanafunzi ye yote atafurahi lini, naye atakujibu upesi, "Nikishinda mtihani." Mwulize aliyekwisha kushinda, atasema, "Nikipata kazi." Mwenye kazi hungojea kuongezewa mshahara, na aliyeongezewa hungojea nyumba, au gari, au simu mpya iliyo bora kuliko ya jirani yake. Furaha imekuwa kama mazigazi ya njiani wakati wa jua kali: kila ukiyakaribia, nayo huzidi kwenda mbele. Je, iko furaha isiyokimbia? Katika makala haya napenda kueleza jinsi wenye hekima wa Kihindu wa Bara Hindi walivyolijibu swali hili.

Katika miji yetu ya pwani, kama Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, Wahindu na mahekalu yao wamekuwapo kwa miaka mingi, nasi twaona taa zao wakati wa sikukuu ya Diwali. Lakini wengi wetu twajua habari za maduka yao kuliko habari za mawazo yao. Sisemi haya ili kumgeuza mtu dini yake. Kila mmoja ana imani yake, naye ashike iliyo yake. Lakini kujua jirani afikirivyo ni sehemu ya elimu, na huenda tukapata hapo jambo la kutufaa.

Nitaanza na hadithi. Katika kitabu cha kale kiitwacho Katha Upanishad, kilichotungwa kwa lugha ya Kisanskriti zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, zimo habari za kijana aliyeitwa Nachiketa. Baba yake alikuwa akitoa sadaka kubwa, naye aliazimu kutoa mali yake yote. Lakini ng'ombe aliowatoa walikuwa wazee, waliokwisha kukauka maziwa. Kijana aliona kwamba sadaka ya namna hiyo haina maana. Akamwuliza baba yake, yeye mwenyewe atatolewa kwa nani? Alipouliza mara ya tatu, baba alikasirika, akasema kwamba anamtoa kwa Mauti.

Basi Nachiketa akaenda mpaka nyumbani kwa Yama, mfalme wa mauti. Yama hakuwako, na kijana akakaa huko siku tatu bila kula. Yama aliporudi aliona vibaya sana kwamba mgeni wake alikaa na njaa, akampa ruhusa ya kuomba mambo matatu. Kwanza Nachiketa aliomba hasira ya baba yake itulie. Pili aliomba kufundishwa ibada ya moto iwapelekayo watu peponi. Haya mawili alipewa mara moja. La tatu lilikuwa gumu: alitaka kujua kama mtu akifa kuna kitu chake kinachobaki, au hakuna.

Yama hakupenda kulijibu swali hilo. Badala yake alimwahidi wana na wajukuu wa kuishi miaka mia, ng'ombe, ndovu, farasi na dhahabu, nchi kubwa ya kutawala, umri mrefu kadiri apendavyo, na wasichana wazuri pamoja na magari yao na ala zao za muziki. Nachiketa alikataa vyote. Alisema kwamba vitu hivyo ni vya leo tu, kwamba huzichakaza nguvu za mtu, na kwamba hata umri uwe mrefu namna gani, bado ni mfupi. Tena hakuna mtu aliyepata kutoshelezwa na mali. Hapo Yama alifurahi, maana alijua kwamba amepata mwanafunzi wa kweli.

Somo alilomfundisha lilianza na maneno mawili ambayo yafaa kuyakumbuka. La kwanza ni preya, yaani kitu kipendezacho. La pili ni shreya, yaani kitu kifaacho. Yama alieleza kwamba vitu hivi viwili humjia kila mtu, naye hana budi kuchagua. Mjinga hushika kile kinachopendeza sasa hivi. Mwenye akili huvichungua vyote viwili, akachagua kile kitakachomfaa. Angalia kwamba hakusema kila kipendezacho ni kibaya. Wahindu wa kale walihesabu mambo manne ambayo mtu ana haki ya kuyatafuta maishani: wema na wajibu, ambao huitwa dharma, mali, ambayo huitwa artha, starehe, ambayo huitwa kama, na mwisho kufunguliwa, ambako huitwa moksha. Kwa hiyo mali na starehe zina mahali pake. Kosa ni kuzitaka zitupe kitu ambacho hazinacho.

Kwa nini hazinacho? Naweza kutaja sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba raha ya macho, masikio, pua, ulimi na ngozi huanza pale kitu kinapotugusa, na huisha kitu kikiondoka. Tunda ni tamu likiwa mdomoni. Likimezwa, utamu umekwisha. Raha iliyo na mwanzo wa namna hiyo haina budi kuwa na mwisho.

Sababu ya pili ni kwamba viungo vyetu vyenyewe huchoka. Sahani ya kwanza ya pilau ni raha, ya pili ni shibe, na ya tatu ni adhabu. Pilau ni ile ile, ila mlaji amebadilika. Kama furaha ingalikuwa ndani ya pilau, sahani ya tatu ingalizidisha furaha mara tatu.

Sababu ya tatu ni kwamba tamaa haiishi kwa kulishwa. Katika utenzi mkubwa uitwao Mahabharata yumo mfalme jina lake Yayati, ambaye alilaaniwa akazeeka kabla ya wakati. Aliruhusiwa kubadilishana uzee wake na ujana wa mtu mwingine aliye radhi. Aliwaomba wanawe watano. Wanne walikataa, lakini mdogo wao, Puru, alikubali. Yayati akastarehe kwa ujana wa mwanawe miaka elfu. Mwishowe alikiri kwamba tamaa ni kama moto unaomwagiwa samli: haizimiki, bali huzidi kuwaka. Akamrudishia Puru ujana wake, akampa na ufalme, akaenda kuishi mwituni. Sisi hatuna miaka elfu ya kujaribu, kwa hiyo ni afadhali kumwamini yeye.

Sasa, kama furaha haimo katika vitu, mbona tukivipata twafurahi? Hapa ndipo mawazo ya Kihindu yanapoingia ndani zaidi. Husema kwamba mtu anapotaka kitu, moyo wake huchafuka kama maji ya bwawa yaliyotikiswa. Akikipata, tamaa ile hutulia kwa kitambo, na katika utulivu huo furaha iliyokuwamo ndani huonekana, kama chini ya bwawa kunavyoonekana maji yakitulia. Yeye hudhani furaha imetoka katika kitu. Mara tamaa nyingine huja, na maji huchafuka tena. Wahindu hupenda kutoa mfano wa paa wa miski, ambaye husikia harufu nzuri akaitafuta msitu mzima, kumbe inatoka katika mwili wake mwenyewe.

Tena hutoa ushahidi wa usingizi. Mtu aliyelala fofofo hana mali, hana cheo, haoni wala hasikii kitu. Hata hivyo akiamka husema, "Nimelala raha." Raha hiyo aliipata wapi, na hali hakuwa na kitu? Ndani ya mtu, chini ya mwili, pumzi na mawazo, kuna nafsi ya kweli ambayo huitwa atmani, na furaha yake, iitwayo ananda, haitegemei kitu cha nje. Mwalimu mashuhuri Shankara, ambaye wengi humweka katika karne ya 8, alifundisha kwamba nafsi hiyo ni moja na Ukweli Mkuu ulio chanzo cha vyote. Ramanuja, aliyeishi katika karne ya 11 na ya 12, hakukubaliana naye katika yote: alifundisha kwamba nafsi humtegemea Mungu, na furaha yake kamili ni kumpenda na kumtumikia. Lakini wote wawili walipatana katika jambo moja, kwamba furaha ya kudumu hainunuliwi dukani.

Basi yapatikanaje? Yama alimpa Nachiketa mfano mzuri wa gari la farasi. Mwili ni gari, na mwenye gari aliyeketi ndani ni nafsi. Mwendeshaji ni akili, hatamu ni moyo wenye kuwaza, na farasi ni milango ya fahamu. Farasi wasiofundishwa hulipeleka gari shimoni, hata liwe zuri namna gani. Lakini hakuna aliyesema farasi wauawe, maana gari lisilo na farasi haliendi po pote. Kinachotakiwa ni mwendeshaji aliye macho na hatamu zilizoshikwa barabara.

Kitabu kingine, Bhagavad Gita, ambacho kina sura 18, chaeleza jambo hili kwa namna itakayowafaa sana wanafunzi. Chasema kwamba furaha ni za namna tatu. Iko furaha ambayo mwanzo wake ni mchungu kama sumu, na mwisho wake ni mtamu sana. Hii ndiyo bora, nayo huzaliwa na akili iliyotulia. Iko ya pili, ambayo mwanzo wake ni mtamu na mwisho wake ni sumu. Hii ni ile ya milango ya fahamu. Na ya tatu ni furaha ya usingizi, uvivu na uzembe, ambayo hupumbaza mtu tangu mwanzo hata mwisho. Wahenga wetu walilijua jambo hili waliposema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kila jioni, kengele ya kujisomea ikilia, mwanafunzi huzikuta furaha hizi tatu mezani pake: kitabu, mazungumzo ya mzaha, na usingizi.

Kitabu hicho pia chaonyesha jinsi mtu anavyopotea hatua kwa hatua. Huanza kwa kukifikiria kitu mara kwa mara. Kufikiria huzaa mapenzi, mapenzi huzaa tamaa, na tamaa ikizuiwa huzaa hasira. Hasira hupoteza utambuzi, naye mtu akasahau aliyofundishwa, akili ikaharibika, akaangamia. Mwenye kutaka kujiokoa afadhali akatae katika hatua ya kwanza, maana huko mzigo bado ni mwepesi. Tena Gita haisifu kujitesa. Yasema kwamba yoga haimfai anayekula mno wala anayejinyima chakula, anayelala mno wala anayekesha mno. Na juu ya kazi, yatufundisha tufanye wajibu wetu kwa bidii bila kuifanya mioyo yetu watumwa wa matokeo. Mwanafunzi anayesoma kwa kuwa somo ni zuri na ni wajibu wake, hupata furaha siku ile ile anaposoma. Anayesoma kwa ajili ya cheti peke yake, huahirisha furaha yake miaka minne, na pengine asiione.

Huenda wazazi wengine wakauliza kama mafundisho haya hayatawafanya vijana wavivu, au kama hayawaambii maskini waridhike na njaa yao. Swali hili ni la haki, nami nisingependa kulipita. Kwanza, Gita yenyewe ni mazungumzo na Arjuna, askari aliyetaka kuacha wajibu wake na kukimbia. Krishna hakumruhusu, bali alimwambia ainuke afanye kazi yake. Pili, Swami Vivekananda, aliyezaliwa mwaka 1863, alipohutubia mkutano wa dini zote huko Chicago mwaka 1893, alisema wazi kwamba watu wenye njaa wa nchi yake walihitaji chakula kwanza, si kuletewa dini. Aliporudi kwao alianzisha, mwaka 1897, shirika la Ramakrishna Mission, ambalo huendesha shule na hospitali. Kwa hiyo mafundisho ya kuridhika ni ya mtu kujiambia mwenyewe. Si ya aliyeshiba kumwambia mwenye njaa. Mtu akiyatumia kwa kumnyamazisha maskini, ameyapindua.

Naona faida kubwa ya hekima hii kwetu ni kwamba yampunguzia mtu hofu. Mtihani waweza kushindwa, kazi yaweza kukosekana, mali yaweza kuibiwa. Ambaye furaha yake yote imo katika vitu hivyo, amempa kila mwizi na kila bahati mbaya ufunguo wa moyo wake. Lakini aliyejifunza kutulia, kushika hatamu zake, kupenda kazi iliyo mbele yake na kumtendea mema mwenziwe, atahuzunika kama watu wote, ila hataangamia. Kuanza si vigumu. Kesho, preya na shreya zikikujia pamoja, simama kidogo kabla ya kuchagua. Kusimama huko ndiko mwanzo wa safari yenyewe.