Je, Wajua? Waya wa Shaba Hutoza Ushuru

Je, wajua kwamba shaba, ijapokuwa ni katika madini yanayopitisha umeme kwa wepesi mno, nayo hutoza ushuru njiani? Kilomita moja ya waya wa milimita mraba 2.5, uliozoeleka majumbani kwa soketi, huwa na ukinzani wa hadi omu 7.41 katika nyuzi joto 20.

• Waya huo ukipata moto hadi nyuzi 70, ukinzani huzidi kwa takriban humusi, ukafika omu 8.9.

• Waya huo uliopata moto ukilisha mzigo wa ampea 20 ulio mita 30 kutoka kwenye ubao wa fyuzi, umeme husafiri mita 60, kwenda na kurudi. Volti 230 zilizotoka hufika kama 219.

• Riaktansi, upinzani uzaliwao na usumaku wa mkondo geu, haina uzito katika waya mwembamba. Katika kebo nene ya shaba ya milimita mraba 300, huweza kufikia omu 0.08 kwa kilomita, ikaushinda ukinzani wenyewe, ambao ni kama 0.07.

Basi, ewe fundi, kabla hujakata kebo, tazama jedwali la mtengenezaji, chukua kipimo cha waya uliopata moto, wala usisahau safari ya kurudi.