Presha ya petroli si nguvu ya gari

Mwenda pole hajikwai, walinena wahenga. Lakini kijana aliyenunua gari lenye tabo hakulinunua ili aende pole. Atalipeleka kwa fundi, na aghalabu ombi lake litakuwa fupi: "Fundi, niongezee presha ya petroli. Toa ile regyuleta ya kampuni, uweke kubwa." Ombi hilo huweza kutolewa Grogan yanakouzwa vipuri, kandokando ya Barabara ya Ngong, au katika kibanda cha jua kali huko Kianda, kijiji cha Kibera kilicho upande wa magharibi, karibu na mitaa ya Ayany na Olympic. Dhamira ya makala haya ni kuonyesha kwamba ombi hilo limejengwa juu ya dhana potofu, kwamba dhana hiyo huweza kugharimu injini na hata maisha, na kwamba dawa yake imo ndani ya madaftari ya wanafunzi wetu.

Tamaa ya tabo haikuzuka jana. Mwaka wa 1984 Björn Waldegård alishinda Safari Rally kwa Toyota Celica yenye tabo. Mwaka wa 1994 Mkenya Ian Duncan alitwaa taji hilo hilo kwa Celica, na mwaka wa 1997 Colin McRae akashinda akiendesha Subaru Impreza. Watoto waliosimama vumbini kuyatazama magari hayo yakipita sasa ni watu wazima, na sheria ya Kenya inawaruhusu kuagiza gari lililotumika mradi umri wake usizidi miaka minane. Hivyo ndivyo tabo ilivyotoka katika mashindano ikaingia mitaani. Kilichobaki nyuma ni maarifa ya wale mafundi wa timu waliojua kila mpira na kila springi ina kazi gani.

Na tuanze na msingi. Injini huvuta hewa, huichanganya na petroli, kisha huuchoma mchanganyiko huo. Tabo ni magurudumu mawili yenye mapanga, yaliyofungwa kwenye mhimili mmoja: la kwanza huzungushwa na moshi unaotoka, nalo la pili hushindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo haina budi kuzidi. Gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue barabara. Injini yenye tabo inapokazana kupanda mlima hupewa petroli nyingi zaidi ya hapo, gramu moja kwa gramu 11 au 12 za hewa, kwa kuwa petroli ya ziada hupoza chumba cha mwako. Petroli ikipungua wakati huo, mwako hugeuka kuwa mlipuko usio na mpangilio, na pistoni hutoboka au kuyeyuka ukingo.

Regyuleta, ambayo kwa Kiswahili twaweza kuiita kidhibiti cha presha, ndiyo inayolinda uwiano huo katika magari mengi ya miaka ya 1990 na yaliyofuata. Pampu huisukuma petroli kutoka tangini hadi kwenye bomba lenye injekta, na petroli isiyotumika hurudi tangini. Kidhibiti hukaa kwenye njia hiyo ya kurudi. Ndani yake mna kiwambo kinachosukumwa na springi upande mmoja na petroli upande wa pili. Petroli ikiizidi springi nguvu, mlango hufunguka na ya ziada hurudi. Kidhibiti, basi, ni bawabu wa mlango, si mkimbiaji.

Ila bawabu huyu ana akili. Upande wenye springi umeunganishwa kwa mpira mwembamba na njia ya hewa iingiayo katika injini. Tuseme springi imewekwa kilopaskali 300, ambazo geji ya fundi itazisoma kuwa pauni 43 hivi kwa kila inchi ya mraba. Tabo ikiishindilia hewa kwa kilopaskali 100, hewa hiyo huipinga petroli mdomoni mwa injekta. Lakini hewa hiyo hiyo hupitia kwenye mpira na kuisaidia springi, hivyo presha ya petroli hupanda hadi 400. Toa 100 katika 400, utabaki na 300. Tofauti ya presha kati ya pande mbili za injekta haijabadilika hata chembe, na kompyuta ya gari yaweza kukadiria petroli bila kudanganyika.

Sasa tuipime ile dhana ya kwamba presha ni nguvu. Kiasi cha petroli kipitacho kwenye injekta hakiongezeki sawasawa na presha, bali hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya presha. Ukiipandisha tofauti hiyo kutoka 300 hadi 400, umeongeza presha kwa thuluthi moja, lakini petroli imeongezeka kwa asilimia 15 tu. Ukitaka petroli maradufu, itakubidi uizidishe presha mara nne, hadi kilopaskali 1,200. Pampu ya kawaida ya gari la namna hii haifiki huko. Kwa hakika, kadiri presha inavyopanda ndivyo pampu inavyotoa petroli kidogo zaidi, kwani imeongezewa mzigo. Mtu anayetafuta petroli nyingi kwa kukaza skrubu ya kidhibiti huweza kuikosa hata ile aliyokuwa nayo. Petroli nyingi kwa injini kubwa ni kazi ya injekta kubwa na pampu kubwa.

Tuupime pia ule mpira mwembamba, ambao bei yake ni ndogo kuliko ya kitu kingine chochote katika mfumo huu. Ukichanika, au fundi akisahau kuurudisha, springi hubaki peke yake. Presha ya petroli itakuwa 300 wakati tabo inasukuma 100, na tofauti itakuwa 200. Kwa kanuni ile ile ya kipeuo cha pili, petroli itapungua kwa takriban asilimia 18, tena wakati injini imejaa hewa na inaihitaji mno. Gari litaunguruma vizuri likiwa limesimama. Maangamizi yatakuja barabarani, na mwenye gari atamlaumu aliyetengeneza injini, asimlaumu mpira.

Je, kubadilisha kidhibiti ni kosa? La hasha. Pampu kubwa ikishafungwa, huweza kusukuma petroli nyingi kuliko uwezo wa mlango wa kidhibiti cha awali kuirudisha. Hapo presha hupanda ovyo hata gari likiwa limesimama, na kidhibiti chenye mlango mpana na skrubu ya kurekebishia huwa cha lazima. Lakini kazi hiyo ina utaratibu. Kwanza fundi ajue gari ni la aina gani, kwa sababu magari mengi ya siku hizi hayana njia ya kurudisha petroli kutoka kwenye injini, na yale yanayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda yana mfumo mwingine kabisa. Pili, afunge geji ya presha. Tatu, injini ikiwa inanguruma polepole, auchomoe mpira, auzibe, kisha arekebishe presha ya msingi. Nne, aurudishe mpira na kuona presha ikishuka, maana injini iliyotulia huvuta hewa. Tano, apime mchanganyiko wa hewa na petroli chini ya mzigo. Ikiwa amebadilisha presha ya msingi au injekta, kompyuta nayo irekebishwe, la sivyo itaendelea kuhesabu kwa presha ya zamani.

Kuna jambo la sita ambalo kwa Kianda lina uzito kuliko yote. Petroli yenye presha haidondoki. Hupuliza kama manyunyu. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya kabureta, wenye presha ndogo, haufai kwa injekta hata ukikazwa kwa klipu tatu. Pembeni yake kuna tabo ambayo joto la upande wake wa moshi laweza kupita digrii 700. Gari likiwaka moto penye uwanja, limeungua gari. Likiwaka penye vyumba vya mabati vilivyobanana na vichochoro visivyoruhusu gari la zimamoto kupita, limeungua jirani. Jiji hili lilikwisha kuona petroli inavyowatenda watu wa mabati: tarehe 12 Septemba 2011, moto wa bomba la mafuta katika mtaa wa Sinai, eneo la viwandani, uliwaua watu zaidi ya 100. Sababu za mkasa ule zilikuwa nyingine, lakini petroli ni ile ile.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu. Katika mtaala wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, presha ilifunzwa katika fizikia ya kidato cha kwanza, nao mtiririko wa viowevu katika kidato cha pili. Kipeuo cha pili mwanafunzi alikijua mapema. Maarifa yote aliyohitaji fundi ili asiyeyushe pistoni yalikuwa yamekaa upande wa pili wa ua wa shule. Fundi naye alikuwa na kitu ambacho shule haikuwa nacho: injini halisi, geji halisi na sikio linalotambua mlipuko mbaya. Wawili hao waliishi kijiji kimoja wasikutane. Mwanafunzi alipita mtihani bila kujua kanuni ile inafanya kazi wapi, na fundi akafanya kazi bila kujua kanuni ile ni ipi.

Pana watakaosema kwamba tabo ni anasa ya wenye pesa, na kwamba mtoto wa Kianda ana haja ya chakula na karo kabla ya kidhibiti cha presha. Hoja hiyo ina ukweli, ila imesahau kwamba gari ni la mteja, mkono ni wa kijana wa Kianda. Injini ikifa, ni yeye atakayedaiwa. Mkono ukiungua, ni wake. Tena wakati mteja tajiri anapotafuta mtu wa kumkabidhi gari lake, humwendea anayeweza kupima na kueleza, na malipo hufuata huko. Kwa hiyo hesabu ya kipeuo cha pili ni suala la mkate wa kila siku.

Waraka wa Serikali wa mwaka wa 1992 kuhusu biashara ndogo na jua kali uliitambua sekta hii kuwa nguzo ya uchumi, na mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka wa 2019, unadai mwanafunzi aweze kutenda anachokijua. Maneno hayo yatakuwa matupu iwapo somo la presha litaishia ubaoni. Mwalimu wa fizikia na awaalike mafundi wa jirani darasani, waje na kidhibiti kilichokufa, wakikate kwa msumeno, wanafunzi wakione kiwambo na springi kwa macho yao. Mwanafunzi naye amwandikie fundi jedwali fupi la presha na kiasi cha petroli, kwa Kiswahili, libandikwe ukutani mwa gereji.

Siku hiyo, kijana akija na ombi lake la kuongezewa presha, fundi hatashika spana kwanza. Atamwonyesha jedwali, atauchunguza mpira mwembamba, kisha atamuuliza: "Pampu yako ni ipi, na injekta zako ni za ukubwa gani?"